Makufuli ya Mzee Mwikwabe

Tarehe 30 Septemba 1968, Mzee Nicodemus Mwikwabe, msimamizi wa mitambo, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kuchambua pamba, hapa Homa Bay, kwa miaka ishirini na miwili. Mimi, karani wa mizani, nimeombwa kuandika machache, na tangu juzi situlii. Kalamu inakimbia, moyo unakimbia mbele yake.

Alikuja kutoka kwao Migori akiwa mbeba magunia. Akajifunza mashine mpaka akawa anajua kwa sauti tu ni ipi inayotaka mafuta.

Zamani fundi akiingia ndani ya mashine kuisafisha, alitundika kofia yake kwenye swichi kubwa. Kofia ikiwepo, hakuna kuwasha. Mwaka jana Paul alitundika yake akaingia. Cephas akamfuata kumsaidia, asitundike kitu. Kofia si ipo? Paul akamaliza upande wake, akavaa kofia yake, akaenda kunywa chai. Mwashaji alikuwa tayari ameshika swichi Mzee alipomzuia.

"Kofia imetoka," alisema. "Watu je?"

Cephas akajitokeza akipangusa pamba kwenye nyusi, akiuliza mbona wote wanamtazama hivyo. Huyo Cephas ndiye mume wangu. Mikono yake ingebaki mle ndani. Mwezi wa Agosti ilinivisha pete, na mpaka leo nikiiona mikono hiyo mezani naacha kula niitazame.

Siku ileile Mzee alipiga marufuku kofia. Kila anayeingia afunge swichi kwa kufuli lake mwenyewe, hata wakiwa watano, na ufunguo akae nao. Siku moja fundi Nyabuto akaliacha kufuli lake kwenye swichi, akaenda mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi na ufunguo mfukoni, kiwanda kikalala mpaka alasiri. Mzee hakuruhusu kufuli likatwe kabla ya kukagua mashine yote, akiita "Nyabuto" humo ndani kama anayetafuta kuku. "Akirudi na ng'ombe," alisema, "huyo ng'ombe naye nitamfunga kufuli."

Hofu yangu ilikuwa moja: akiondoka, nani atawasubiri watu wetu? Jana Jared Onyango, anayeshika nafasi yake, alikuwa zamu. Kufuli moja lilibaki kwenye swichi. Meneja akatazama saa.

"Kata hilo, Jared. Mwenyewe amesahau tu."

"Tumtafute kwanza, bwana."

Wakamtafuta. Cephas akatambaa kutoka chini ya mashine, mweupe kwa vumbi la pamba. Mzee alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Akageuka, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Asante, Mzee wetu. Nenda salama nyumbani kwa mkeo, Mama Kezia, na siku zako zote ziwe njema. Huku tutasubiriana.