Mama Ngisi na Pini ya Milimani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Ngisi anarudisha funguo za chumba cha vielelezo baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Tunaobaki tumeambiwa tuzoee. Tutajitahidi, ingawa hakuna mwingine anayeweza kulifunga lile dirisha la juu ya sinki.

Alianza kazi kwenye makumbusho yetu kwa kuosha chupa, akasoma masomo ya jioni, akaishia kuwa mkuu wa kitengo cha viumbe wa baharini. Koti lake hunuka spiriti ya kuhifadhia vielelezo kiasi kwamba mumewe, dereva wa basi, hufungua madirisha kwanza ndipo amsalimie. Wanafunzi waliomwogopa walikuwa na sababu moja tu: ukiiita minyiri ya ngisi miguu, siku yako imeharibika.

Kazi yake kubwa ni ngisi mdogo asiyezidi kidole gumba, mwenye mapezi ya mviringo kama masikio. Yeye alisema hiyo ni spishi mpya. Wakubwa wa fani walisema ni watoto wa ngisi wa kawaida, na walikuwa mbioni kulitupa pendekezo lake kwenye kikao cha kupitisha spishi mpya. Kazi ya miaka tisa ilikuwa inakwenda na maji. Alihitaji ngisi wa udogo huohuo mwenye mayai yaliyokomaa, kwa sababu mtoto hatagi. Katika chupa zake zote hakuwemo hata mmoja.

Siku chache kabla ya kikao alikwenda kumjulia hali mama mkwe wake katika mji wa milimani, mbali kabisa na bahari. Akapewa bakuli la ngisi awasafishe kwa chakula cha wageni. Akapasua mmoja: udogo uleule, masikio yaleyale, na tumbo limejaa mayai. Akasimama na kisu mkononi huku machozi yakimtoka, wageni wakadhani amejikata. Alipojieleza, mama mkwe alimsogezea bakuli zima.

“Chukua, mwanangu. Lakini wakikukatalia, nirudishie kitoweo changu.”

Wageni walikula wali na maharage. Kikao kiliyaona mayai, na spishi ikakubaliwa. Muuza samaki wa kule alitaja ghuba alikotoa mzigo, ambako hakuna aliyewahi kumtafuta ngisi huyo, na ramani ya mtawanyiko wake ikapanuka. Kitoweo hakikurudi. Badala yake, ngisi alipewa jina la mama mkwe, naye akataka kujua kama ni kwa ajili ya udogo au mdomo.

Kwa furaha, Mama Ngisi alichomeka pini ya kwanza kwenye ramani palepale milimani. Wageni wa makumbusho huuliza ni ngisi gani huyo anayepanda mlima. Kila tulipotaka kuing'oa, alitukata jicho. Mama mkwe alipofariki mwaka jana, tulimkuta Mama Ngisi amesimama mbele ya ramani ile, na sote tukaumia naye.

Asante, Mama Ngisi, kwa ukali, vicheko na uvumilivu wako. Nenda kapumzike, ule ngisi bila kuwachunguza, na maisha yakunyookee. Ramani mpya inachapishwa mwezi ujao. Ghuba zote zimo, na pini ya milimani imebaki mahali pake. Chini yake tumeandika: Jikoni kwa mama mkwe.