Maksai Aliyechinjiwa Wakaguzi

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Wekeni jikoni maji ya mate, chai yetu ya majani machungu, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu wa hapa hapa kwetu Rincón de las Garzas. Don Nicasio Berrueta, mfugaji. Amefariki Jumapili, akiwa na miaka themanini na mmoja. Amezikwa Jumatatu, kama tunavyozika huku, bila kungoja.

Nasema mapema: mimi si mtu wa kumsifu maiti kwa vile tu ni maiti. Don Nicasio alikuwa mbishi. Alikuwa mkali kwa mbwa wa watu. Kwenye karata, akipata mkono mzuri alihema kama amekimbia, kwa hiyo hakuna aliyetaka kucheza upande wake. Lakini kuna jambo moja alilifanya, na wilaya nzima inalijua nusu nusu. Mimi nilikuwepo na kinasa sauti changu. Nitalieleza lote.

Tuanze na kiwanda. Kiwanda chetu cha nyama kilifungwa mwaka ule wa ukame, lakini si ukame uliokifunga. Wanunuzi wa Ulaya walitaka kujua kila ng'ombe katoka wapi, na sisi tulikuwa tukiwajua ng'ombe wetu kwa rangi na kwa tabia. Nchi hii ina ng'ombe wengi kuliko watu. Peke yetu hatuwezi kuwamaliza, ingawa tunajitahidi. Bila kuuza nje, kiwanda hakina kazi. Kikafungwa.

Ndipo tukaanza kuwavalisha ng'ombe hereni. Kila mmoja na namba yake sikioni, na namba hiyo hiyo kwenye ofisi ya mifugo. Wazee walicheka mpaka wakachoka. "Mwakani tutawapaka wanja," alisema Don Nicasio. Lakini tuliambiwa hapo ndipo penye neema: mtu wa Ulaya yuko tayari kulipa zaidi kwa nyama anayojua ililala wapi na ilikula nini. Majani tunayo, mazuri. Kilichobaki ni wakaguzi waje, wachague ranchi moja, wawaangalie ng'ombe mmoja mmoja. Wakiridhika, kiwanda kinafunguliwa. Wasiporidhika, basi tena.

Wakachagua ranchi ya Don Nicasio Berrueta.

Sasa sikilizeni vizuri. Don Nicasio alikuwa na mtoto mmoja tu, Nidia. Nidia ameolewa na Wilmar, na Wilmar alikuwa mkata nyama kiwandani, mmoja wa waliobaki bila kazi. Binamu yake alikuwa Spain, kwenye kiwanda cha nyama, akimwita. Masanduku yalishafungwa. Yalisimama ukumbini, na kila aliyeingia alijigonga nayo. Wilmar alimwambia mkwewe, mbele ya watu, "Mzee, kiwanda kikifunguliwa nafungua na masanduku. Kisipofunguliwa, usinilaumu." Kwa hiyo ukaguzi ule, kwa wilaya ulikuwa habari ya soko. Kwa Don Nicasio ulikuwa habari ya binti yake kubaki au kuondoka.

Yaliyotokea kabla ya wakaguzi kufika, amenisimulia mkewe, Doña Orfilia. Nimekwenda kwake juzi. Namnukuu.

"Nilimwona anamtenga maksai mmoja mwekundu. Nikamwuliza, we mzee, huyo si katika wale wa kukaguliwa? Akasema, ndiyo maana, hao ndio wazuri. Nikamwambia, chinja kondoo. Akanijia juu! Eti watu wamepanda ndege kutoka Ulaya kuja kuona ng'ombe, niwape kondoo? Watasema tuna dhiki gani! Nikamwuliza, na ofisi je? Akasema, ofisi tutaiambia Jumatatu, kwani lini tumewahi kuiambia kabla?"

Alisema kweli, wasikilizaji. Huku kwetu ng'ombe wa kula nyumbani huliwa kwanza, taarifa ikafuata. Wote tulifanya hivyo. Na mgeni wa heshima huchomewa nyama ikiwa bado na ngozi, taratibu, tangu alfajiri. Don Nicasio hakuona kosa lolote. Aliona wageni. Basi akamchinja yule maksai aliyenona kuliko wote, mmoja wa wale wenye hereni ambao wakaguzi walikuwa na namba zao mkononi.

Siku ya ukaguzi nusu ya wilaya ilikuwa kwenye uzio. Mkaguzi mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, Bi Verhaegen. Ng'ombe walipitishwa mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya zizi, naye akazisoma hereni zao kwa kifaa kinacholia kidogo. Kililia, kililia, kililia. Ng'ombe wakaisha. Bi Verhaegen akatazama karatasi yake, akasema neno kwa mkalimani.

"Anauliza, kuna mmoja hayupo. Yuko wapi?"

Moshi wa nyama ulikuwa unatupita puani.

Nyuma yangu alisimama msimamizi wa kiwanda, Don Hermes Zabala. Akanong'ona kwa meno yaliyofungwa, na kinasa sauti changu kikamnasa: "Sema ameibiwa. Nicasio! Sema ameibiwa, bwana, yaishe!"

Na yangeisha. Wizi wa ng'ombe huku si ajabu. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Don Nicasio akamtazama Wilmar aliyeegemea uzio. Wilmar akatazama viatu vyake. Nidia alikuwa mlangoni pa jiko na taulo begani. Baba yake akamtazama na yeye pia, akavua kofia.

"Mwambie bibi," akasema, "huyo hajapotea. Yuko pale motoni. Nimewachinjia wao."

Mkalimani akaduwaa. "Nitafsiri hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Bi Verhaegen alisikiliza. Akauliza kwa nini huyo, wakati ng'ombe wamejaa. Don Nicasio karibu akasirike. "Kwa sababu ndiye aliyenona! Alitaka nimpe kilema?"

Mkaguzi aliandika, tena aliandika kwa kirefu. Kisha akafunga mkoba wake, akasema kazi imekwisha, na kama hawajachelewa, wangependa kula. Alikula. Akaongeza. Akamshika Doña Orfilia mkono, akamshukuru. Halafu akarudi kwao, akatufelisha.

Nakumbusha, kwa waliofungua redio sasa hivi: tunamzungumzia Don Nicasio Berrueta, aliyemchinjia mkaguzi ng'ombe wa ukaguzi. Tulikataliwa. Sababu ilikuwa moja tu: mnyama mwenye namba amechinjwa bila taarifa. Kiwanda kikabaki kimefungwa.

Watu hawakumsamehe upesi. Akipita dukani anaulizwa, "Don Nicasio, leo unamchinjia nani?" Kikombe cha mate kilizunguka watu wote, yeye kikamruka. Alivumilia. Mtu mbishi ana faida yake, huwa amezoea kuchukiwa.

Lakini Nidia na Wilmar waliondoka, na hilo hakulizoea. Niliwaona kituo cha mabasi siku hiyo. Mama alilia kwa sauti. Baba alishughulika na masanduku, akayapanga, akayapangua, akagombana na utingo kuhusu mahali pa kuyaweka. Mwisho akasema, "Mkifika, pigeni simu." Basi likaondoka.

Mwaka uliofuata, msimu wa kunyoa kondoo, wakaguzi walirudi. Hatukuwaomba. Bi Verhaegen mwenyewe alitaka ranchi ile ile. Nilimwuliza sababu, na jibu lake nimelihifadhi. Alisema, "Kwingine kote nilikokagua, ng'ombe aliyepungua alikuwa ameibiwa. Wezi wa nchi hii wana bidii kweli. Nilitaka kurudi nilikojibiwa."

Safari hiyo ng'ombe walitimia wote. Hakuna aliyechinjwa, hata kuku. Doña Orfilia aliwapa wageni maandazi na chai, na anaona aibu mpaka leo. Tukapita. Kiwanda kikafunguliwa, na bado kiko wazi. Wengi mnaonisikiliza mnakula kwa kiwanda kile. Kuna ukame, kuna bei zinazopanda na kushuka, kuna masharti mapya kila mwaka kutoka kwa watu wasiojua tope letu. Lakini nyama inakwenda, kwa sababu wanunuzi wanatuamini. Na wengi wao walianza kutuamini kwa jibu la mtu mmoja aliyevua kofia zizini.

Si wote wanaokubali. Jumatatu makaburini Don Hermes Zabala alinivuta pembeni. "Mimi bado nasema angedanganya," akasema. "Neno moja tu. Leo binti yake angekuwa hapa anamzika." Hesabu yake si mbaya.

Doña Orfilia nilimwuliza kama mumewe alijuta. "Kusema kweli? Hapana, hakujuta hata siku moja. Alijuta kumchinja. Tukiwa kitandani ananiambia, Orfilia, ulisema kondoo. Nami namvutia blanketi, namwambia alale."

Jana Nidia amepiga simu hapa kituoni kutoka Spain. Wilmar bado anakata nyama. Watoto wanasoma huko, wanaongea kama watu wa huko. Kurudi hakukuwezekana tena. Maisha yalishaota mizizi. Aliniambia haya, na ameniruhusu kuyatangaza.

"Duka la chini ya nyumba yangu linauza nyama ya kwetu. Ukielekeza simu kwenye karatasi yake, inakuambia yote. Ranchi gani, wilaya gani, siku aliyozaliwa ng'ombe, siku aliyochinjwa. Jumatatu nilisimama pale nikaisoma yote, kama ninavyofanya nikikumbuka nyumbani. Nikapanda ngazi, nikakuta mama alishapiga simu ya nyumbani mara nyingi. Baba alikuwa ameshazikwa. Ng'ombe wa kwetu nilimjua mpaka siku aliyokufa. Ya baba yangu sikuijua."

Kisha akauliza kama mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha.

Doña Orfilia, pole sana. Nidia, Wilmar, na watoto huko mliko, poleni sana. Redio hii inaomboleza nanyi. Mungu ampumzishe Don Nicasio Berrueta.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo ni Alhamisi. Mchana malori ya kiwanda yatapita barabara kuu kwenda bandarini, yamejaa, kila kipande na karatasi yake. Yakipita mlangoni kwako, simama kidogo. Mtaje kwa jina yule wa nyumbani kwako aliyeondoka kwa barabara hiyo hiyo, kisha jiulize kama unajua jana usiku alilala wapi.