Maisha ya Marehemu Chapchap, Aliyeikataza Mashine Kusema Uongo

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, asubuhi, kwenye korido ya hospitali. Chumba cha kujifungulia kilikuwa mbele kidogo tu, lakini yeye hakuona sababu ya kungoja. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi cherehani na mlinzi wa ghala, na kuanzia siku hiyo mama yake hakumwita jina la kwenye cheti ila alipokuwa amemkasirikia. Alimwita Chapchap. Mtaa ukalishika jina hilo, shule ikalishika, na hata daktari wake wa mwisho hakumjua kwa jingine.

Lilimfaa. Ukianza kumsimulia jambo, alikumalizia. Ukimuuliza swali, ulipata jibu la swali ambalo bado hujaliuliza. Wadogo zake, akiwamo huyu anayewasomea, walikoma naye. Lakini hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, wala hakukubali wewe uweke. Akikukosea asubuhi, mchana amekuja kuomba radhi, na ole wako umwambie "hamna neno" huku lipo. Atakukatiza: "Neno lipo, nimekosa, usinibembeleze!"

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1981, akaenda sekondari ya wasichana ya bweni, kisha chuo cha ufundi alikohitimu uhandisi wa umeme mwaka 1999. Wakati wa likizo moja aliifungua redio ya baba yake ili aone sauti inatoka wapi. Alipoifunga tena zilibaki skrubu mezani, na redio ikawa haiongei ila mfuniko ukiwa wazi. Marehemu baba alisikiliza taarifa ya habari hivyo hivyo kwa miaka, akiwaambia wageni kwamba redio yake ina joto, haipendi kuvaa.

Tarehe 14 Desemba 2002 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, mtu mtaratibu ambaye huwezi kumharakisha hata nyumba ikiwaka moto. Waliohudhuria wanakumbuka bibi harusi alivyojibu "Ndiyo, nakubali" kabla mfungisha ndoa hajamaliza kuuliza. Ilipofika zamu ya bwana harusi, Mwalimu akavuta pumzi, akatafakari, na ukumbi mzima ukamsikia Chapchap akinong'ona, "Sema basi, jamani!" Wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Wote wawili wamerithi ulimi wa mama yao, na Mwalimu amejifunza kuishi humo.

Kazi ndiyo iliyotusumbua sisi ndugu kuieleza. Baada ya miaka michache ya kutengeneza kompyuta dukani, mwaka 2006 aliajiriwa na karakana inayounda vifaa vya hospitali, akawa mwandishi wa draiva. Mjomba aliposikia alimuuliza ana leseni ya daraja gani. Chapchap alimkalisha chini. Kila kompyuta ina kiini, alisema, kinachoamua nani afanye kazi gani na lini. Lakini kiini hakijui lugha ya kila kifaa kilichochomekwa. Draiva ni programu inayokaa katikati kama mkalimani. Programu ya kawaida ikianguka, inaanguka peke yake. Draiva ikikosea, kwa kuwa inaishi ndani ya kiini chenyewe, inaweza kuondoka na nyumba nzima. Mjomba akasema, "Basi kumbe leseni ilitakiwa!" Wakacheka wote.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya mwisho. Karakana iliunda vitanda vya joto vya watoto njiti, na Chapchap akaandika draiva ya kihisi kinachopima joto la mtoto. Katika majaribio ya mwisho, mwanzoni mwa mwaka 2022, kitanda kimoja kilianza vituko. Mara chache, bila mpango, kilionyesha joto la kipimo kilichopita badala ya la sasa. Mtoto angeweza kuwa amepoa, na kitanda kikaendelea kusema yuko sawa.

Chapchap akafanya wanachofanya wenzake wote wa fani hiyo. Aliongeza mstari mmoja kwenye draiva, ili kila inapopima itoe ujumbe kwenye skrini kueleza imefika wapi. Kosa likatoweka. Akautoa mstari, kosa likarudi. Akaurudisha, kimya. Wenzake wakamtania, "Mwanao anakuogopa, dada. Ukimkazia macho anatulia." Yeye hakucheka, jambo lililokuwa geni kwake.

Mkuu wa karakana alikuwa na hospitali zinazongoja. Akamwambia, "Dada, mstari huo si unatibu? Uache humo humo, tupeleke vitanda."

"Hautibu," alisema Chapchap. "Hiki kitanda kina adabu kwa sababu kinatazamwa. Siku fundi wa hospitali atakapochoka na huo ujumbe akaunyamazisha, kitaanza kudanganya. Na atakayedanganywa ni nesi mwenye mtoto mkononi."

Akakataa kutia sahihi ya kuruhusu vitanda vitoke. Vitanda vikabaki karakanani, na lawama zote zikawa zake.

Wakati huo alikuwa ameshaambiwa ana saratani ya ini, na kwamba imekwenda mbali. Alitakiwa kupumzika. Badala yake alibeba kihisi na kibao chake cha umeme akavileta nyumbani, akavitandaza kwenye stuli mbele ya kochi, na vyombo vya chai vikahamia sakafuni. Mwalimu hakupenda, na siku moja alisema wazi. "Mke wangu, hao watoto wana wazazi wao. Wako wanakuhitaji hapa." Chapchap alimjibu kwa sauti ya chini, naye hakuwa mtu wa sauti ya chini: "Hii draiva nimeiandika mimi, Mwalimu. Nikiondoka nikaiacha hivi, nani atajua pa kuangalia?" Walilia wote wawili. Kisha Mwalimu akamsogezea mto mgongoni, na kazi ikaendelea.

Jibu lilikuja Jumamosi moja mchana. Chapchap alikuwa ameinuka kwenda jikoni. "Mwalimu, unakunywa chai au maji? Haya, maji." Alishafika mlangoni Mwalimu aliposema, "Nilikuwa nataka chai."

Chapchap akaganda pale mlangoni. Kisha akaanza kucheka hadi akashika ubavu uliokuwa ukimuuma. "Yarabi! Ndivyo ninavyomfanyia na yule!"

Draiva yake ilikuwa ikikiambia kihisi "pima", kisha ikisoma jibu papo hapo. Mara nyingi kihisi kilikuwa kimemaliza. Kikichelewa kidogo, draiva iliokota jibu la zamani lililokuwa limelala pale na kuondoka nalo. Ule ujumbe wa kwenye skrini haukutibu chochote. Ulipoteza muda tu, na katika muda huo kihisi kikawahi kumaliza. Akachukua maelekezo ya waliotengeneza kihisi. Yameandikwa wazi: kikimaliza kupima huinua alama, nawe usisome kabla hujaiona. Ukurasa huo aliwahi kuusoma. Aliusoma hadi katikati, akaona ameshaelewa.

Akaifundisha draiva kungoja alama ile, na isipoonekana iseme wazi kwamba haina kipimo. Akautoa mstari wa ujumbe. Kitanda kikajaribiwa majuma mawili kikiwa kimenyamazishwa, hakikudanganya hata mara moja. Katika kazi hii kila marekebisho hufuatana na maelezo mafupi yenye jina la mwandishi, yanayobaki humo daima. Chapchap aliyaanza ya kwake hivi: "Kosa ni langu. Niliuliza, sikungoja jibu. Maelekezo niliyasoma nusu."

Akatia sahihi, na mwezi Mei vitanda vikaondoka karakanani. Mkuu mwenyewe alimpigia simu kumweleza. Mwalimu anasema mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akasema "Asante, kaka," akalala usingizi mzito.

Afya yake ikazorota haraka baada ya hapo. Alilazwa tarehe 27 Mei, maumivu yakawa makali, lakini akili yake haikufifia. Alimkosoa binti yake namna ya kukunja shuka, akamwomba radhi, akamkosoa tena. Tarehe 3 Juni 2022, baada ya alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, alifariki dunia. Imetuuma sana, na hatutajifanya vinginevyo mbele yenu.

Marehemu ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, kaka mmoja, wadogo wawili, wapwa wengi waliokuwa wakimletea simu zilizokufa, na mama yake mzazi, fundi cherehani, aliyeketi hapa mbele yenu.

Siku ya pili ya msiba mkuu wa karakana alikuja nyumbani kutoa pole. Akaketi karibu na mama, akaeleza kwa heshima kwamba draiva ya Chapchap inakaribia kupelekwa kwa wasimamizi wa kile kiini cha kompyuta, na kutoka hapo itatumiwa na kusomwa na mafundi wa nchi nyingi. Kabla haijapelekwa huko, maelezo yake bado yanaweza kurekebishwa. "Ile sentensi ya kosa, Mama, tunaweza kuiondoa. Marehemu hasemwi vibaya."

"Kwani nani amemsema vibaya?" aliuliza mama.

"Hakuna, Mama. Aliandika mwenyewe."

"Ni kweli, au si kweli?"

Mkuu akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mama."

"Basi iacheni," alisema mama. "Mimi nilimzaa mtu anayekosea na kusema nimekosa. Msinizikie mtoto wa mwingine."

Haikuondolewa. Alale kwa amani.