Mzee wa "Bado Kidogo"

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Kadirio anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi wa kitengo cha programu, naye akalipokea kwa ucheshi. Siku hizi hata mkewe akipiga simu ofisini humuulizia kwa jina hilo hilo.

Alianza akiwa mwandishi wa programu, zama zile za kugombania kompyuta. Muda wa miradi tuliukadiria kwa macho tu: mteja aliambiwa miezi mitatu, akapokea mfumo wake mwaka unaofuata, na meneja akabaki kuomba radhi kwenye simu. Mzee Kadirio ndiye aliyeanza kupima kazi ambayo timu inaimaliza kweli kila wiki, si ile inayoiahidi, na kukitumia kipimo hicho kukadiria mradi unaofuata.

Ugunduzi wake mkubwa ulitoka vinywani mwetu. Kila alipouliza kazi imefikia wapi, jibu lilikuwa "bado kidogo". Alilifuatilia jibu hilo mradi hadi mradi, akabaini kwamba katika kitengo chetu lina maana moja: imebaki nusu ya kazi. Akaiandika maana hiyo ubaoni kwa wino mwekundu, karibu na mashine ya kahawa. Tulicheka mpaka basi. Lakini makadirio yakaanza kukaa sawa, na wateja wakapunguza kelele.

Yanayofuata ameniomba mwenyewe niyaandike, nami naona haya kuyaandika kwa kuwa yanatuhusu sote.

Mwaka mmoja wakubwa walitaka kipimo cha kila mtu badala ya cha timu. Alijua si haki, lakini akawapa. Wa mwisho kwenye orodha akawa mjaribu programu wetu, tunayemwita Shangazi, ambaye kutwa nzima alikuwa kwenye meza za wenzake akiwaonyesha makosa yao kabla hayajamfikia mteja. Kazi hiyo ikahesabiwa kuwa yetu, yeye akahamishiwa mapokezi. Siku alipobeba kikombe chake na sweta yake, ghafla sote tulikuwa na shughuli nyingi mno kwenye skrini zetu. Aibu ile haijatutoka.

Mradi uliofuata ulivuruga makadirio yote. Mzee akapima tena, akaona pengo ni la nani, akapigania mpaka Shangazi akarudishwa. Ila kumwomba radhi kulimshinda. Alikuwa akienda mezani kwake, anakohoa, anazungumzia mvua, anarudi. Tukimuuliza kama ameshasema, anainamisha kichwa na kujibu kwamba bado kidogo. Miaka ikapita hivyo.

Ndiyo maana jarida hili limechelewa: aliomba lisichapishwe kabla hajasema. Jumatano alisema, amesimama mbele yetu sote. Nasi tukasimama, tukasema yetu. Shangazi alimalizia kwanza jaribio lililokuwa kwenye skrini. Kisha akajibu kwamba amesikia, na kuhusu kusamehe, bado kidogo.

Sote tuligeuka kutazama ubaoni. Mzee akavua miwani, akafuta macho.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kujipima, hata pale kipimo kilipotuumbua. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watakaokuchosha. Nusu ya msamaha unaondoka nayo. Iliyobaki njoo uifuate. Shangazi yuko meza ile ile.