Ejo ya Nyuma na Ejo ya Mbele

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mama Élisabeth, mratibu wa kampeni za chanjo. Bwana Bertrand, mwenezi wa habari wa shirika lenu. Wazazi na wageni wote: karibuni Nyamianda, hapa Uvira. Sisi watafsiri kumi na mmoja wa kujitegemea tunakushukuru, Mama, kwa kukubali kuketi nasi mbele ya duka la fotokopi la Baba Frédéric, ambalo ndilo ofisi pekee tuliyo nayo. Kwa muda mrefu tulikujua kwa sahihi yako tu, chini ya barua. Leo tunakuona uso, na mioyo yetu imetua.

HISTORIA YETU

Baada ya mafuriko, mashirika yalileta karatasi nyingi za Kifaransa, na Baba Frédéric akachoka kuulizwa na wateja wake, “Hii inasema nini?” Akatuwekea meza. Tangu hapo tunatafsiri kwa Kiswahili, Kifuliiru na Kirundi: matangazo, barua za shule, maelezo ya dawa. Hatuna mwajiri mmoja. Mteja wetu huwa ni sauti kwenye simu, na mara nyingi sauti hiyo iko juu ya pikipiki.

MAFANIKIO, AMBAYO YALIANZA KWA KOSA

Mgeni rasmi, tungeweza kukutajia kurasa tulizotafsiri. Lakini fanikio tunalolipenda zaidi lilizaliwa katika kosa. Wewe ulilisoma kutoka upande wa ofisi. Turuhusu tukusimulie kutoka upande wa meza.

Mwenzetu Georgette, aliyeketi pale pembeni kwa kitambaa cha kijani, alipokea simu ya Bwana Bertrand siku ya Jumanne.

“Georgette, minye niko ku moto, rezo iko inakatika. Andika ya redio: Bwegera, chanjo ya surua, kila mutoto, ejo, ku santre ya afya.”

Kisha upepo wa pikipiki, kisha mtandao ukakatika.

Georgette alibaki ameshika kalamu. Katika Kirundi, tulikochukua neno hilo, ejo ni jana na ejo ni kesho; kitenzi ndicho huamua, na siku hiyo kitenzi kilimezwa na barabara. Alikumbuka kwamba Jumatatu alikuwa ameona gari la chanjo likipita kuelekea bondeni, upande wa Bwegera. Basi kazi imekwisha, alijiambia, wanataka kutangaza tu. Hata hivyo kidole chake kilirudi kwenye simu ili aulize. Hapo akakumbuka kazi iliyotangulia, alipotuma maswali matano na kujibiwa na mteja, “Weye ni mutafsiri wa namna gani? Kila neno unauliza.” Kidole kikashuka. Akaandika: chanjo ya Bwegera ilifanyika jana.

Jumatano asubuhi muuguzi Generose alifungua masanduku ya barafu pale Bwegera na kuona watoto wanne. Akina mama walikuwa wamekwenda kwenye mpunga. Mmoja wao, Mama Pétronille, alipita na jembe begani akamwuliza, “Mungali hapa? Redio imesema mulipita jana.”

Generose, aliyejua nani huandika matangazo, alimpigia Georgette moja kwa moja. Georgette anasema barafu haisubiri mtafsiri ajute. Hakutafuta wa kumlaumu. Alikimbia redioni, akaomba kusoma masahihisho kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha tatu, tena na tena hadi saa sita. Mama Pétronille naye alipita kwenye matuta ya mpunga akiita. Kabla jua halijazama, watoto mia mbili na kumi na mmoja walikuwa wamechanjwa, na barafu ilikuwa ingali ngumu. Hakuna mtoto aliyekosa chanjo kwa sababu ya neno letu. Tunamshukuru Mungu kwa hilo kila tunapoketi kwenye meza hii.

CHANGAMOTO

Baadaye Georgette na Bwana Bertrand walikutana hapa hapa dukani.

“Minye nilisema ejo,” akasema Bwana Bertrand.

“Na minye niliandika ejo,” akajibu Georgette. “Tatizo, ejo iko mbili, na weye ulikuwa na moja tu.”

Hata Baba Frédéric alisimamisha mashine ili acheke. Lakini jina la Georgette lilikuwa limekwisha kufutwa kwenye orodha ya watafsiri wenu. Kwa miezi mitatu alikuja mezani kila asubuhi, akatusahihishia kazi zetu, wala hakuweka jina lake popote. Sisi wengine tulianza kuogopa simu zetu. Mtafsiri anayeogopa kuuliza hubahatisha, na anayesikia redio hajui kwamba amebahatishiwa.

Juma lililopita barua yako ilifika: Georgette amerudishwa. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza tarehe iliyoandikwa ni ya lini. Tulicheka hadi machozi, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, hatuombi Bwana Bertrand afutwe kama Georgette alivyofutwa. Barabara ile ni mbaya, na yeye huisafiri kila siku. Tunaomba jambo dogo. Simu ipigwe ikiwa kuna haraka, lakini ifuatwe na ujumbe ulioandikwa, hata mstari mmoja, wenye siku na tarehe kwa tarakimu. Maandishi marefu yaje kwa barua pepe. Ujumbe wa sauti tunaupenda kwa majina ya vijiji, ili tusikie yanavyotamkwa. Tuambiwe ni nani atakayesikiliza tangazo: mama wa Mutarule shambani hasemeshwi kama karani. Na kila kazi ije na jina la mtu mmoja tunayeweza kumwuliza.

Zaidi ya yote, tunaomba swali letu lipokelewe kama sehemu ya kazi. Georgette alijua neno. Alichokosa ni mahali pa kuliuliza.

HITIMISHO

Ulipompigia Georgette kutuambia unakuja, Mama, ulisema, “Tutaonana ejo.” Kitenzi kilikuwapo, maana ilikuwa wazi kabisa. Lakini yeye alivuta pumzi, akauliza, “Samahani Mama, ejo ya nyuma ao ya mbele?” Nawe hukukasirika. Ulijibu, “Ya mbele, mwanangu. Uliza tu.”

Kikundi chetu hakikuwa na jina. Siku hiyo tulikipa.

Mungu akulinde barabarani, awalinde watoto wa bondeni na wa ziwani, na akujalie ejo nyingi, zile za mbele.

Ni sisi, watafsiri wa kujitegemea wa Uvira,
Kikundi Uliza Tu.

Imesomwa kwa niaba yao na Délice Niyongabo, katibu, mwanafunzi wa chuo kikuu.