Nani Kabomoa Mlango wa Kompyuta ya Nakshi?

Benchi la Buli, muuza kahawa, lina miguu mitatu na tofali. Limeegemezwa ukutani, kati ya kibanda cha Kiraka, fundi viatu, na duka la Nakshi, mama anayetarizi nembo kwenye sare za shule. Anayekalia upande wa tofali hukaa kwa adabu, maana akicheka sana wote wanakwenda chini. Asubuhi ile hakuna aliyecheka. Nakshi alisimama mlangoni kwake, tepu ya kupimia shingoni, mikono kiunoni. Mbele yake alisimama Daktari, si daktari wa watu, wa kompyuta, naye ameikumbatia kompyuta ya Nakshi kifuani na macho yake yanatafuta pa kukimbilia.

— Rudia, alisema Nakshi. Rudia hawa wasikie, wasije wakasema namsingizia mtoto wa watu.

— Mama, nimesema haiwaki.

— Jana ilikuwa inawaka?

— Ilikuwa inawaka.

— Na nani kaigusa tangu jana?

Daktari akatazama viatu vyake.

— Mimi.

— Basi sema "nimeiua". Haiwaki ni taa!

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili ndani. Mmoja ulikuja nayo tangu dukani, na humo ndimo ilimokaa programu ya kutarizi pamoja na nembo zote alizochora Nakshi kwa mkono wake: ngao, vitabu, mienge, ndege wenye mabawa wazi. Wa pili ulikuwa mfumo wa bure, aliouweka mkwe wake, mume wa binti yake, kwenye nusu nyingine ya diski. Kila akiwasha, kioo kilimwuliza anataka kuingia upi. Nakshi alibonyeza wake akaendelea na kazi, wala hakuwahi kuchungulia ule wa pili una nini. Juzi mashine ikaanza kulia kwamba nafasi imejaa. Akaisemea benchini, na benchi lote likamjibu kwa sauti moja: fukuza mpangaji! Ndipo akampa Daktari, akamwambia auondoe ule wa mkwe na nafasi yake ampe yeye. Daktari akasema ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Amefumba, amefumbua, kioo kimekuwa cheusi, na juu yake mstari mmoja wa maandishi unaoomba kuokolewa.

— Mashine yenyewe inaomba msaada! alisema Buli, akichungulia huku anamimina. Hii nimeipenda. Ina adabu kuliko aliyeitengeneza.

— Shule zinafunguliwa Jumatatu, alisema Nakshi. Sare zimejaa ndani mpaka nakosa pa kukanyaga. Nembo zote zimo humo. Nitawashonea watoto nini kifuani? Alama ya kuuliza?

Mwisho wa benchi, upande usio na tofali, Profesa alikohoa. Walimpa jina hilo kwa sababu hujibu swali kabla halijaisha.

— Mimi nilijua, alisema. Wahenga hawakukosea. Ukiona vyaelea, ujue vinakaribia kuzama.

— Ujue vimeundwa, alisema Kiraka, msumari mdomoni.

— Vimeundwa, halafu vinazama. Nisikilize. Mifumo miwili ndani ya mashine moja ni wake wenza. Umemfukuza mdogo bila kumuaga mkubwa. Sasa mkubwa kanuna, kajifungia ndani. Hapo dawa ni kumbembeleza.

— Kompyuta ibembelezwe?

— Iache kivulini. Isione watu.

— Acha upuuzi, alisema Kiraka, akautema msumari kiganjani. Hapa hakuna wake wenza. Hapa kuna mkwe. Mtu anakuwekea kitu cha bure nyumbani mwako, wewe hujiulizi? Hicho kitu kina kufuli. Siku ukikigusa, kinafunga na vya kwako. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe Nakshi ndiye unayezishona hizo nguo!

Nakshi alihisi damu inapanda. Maneno ya Kiraka yalikuwa na sumu, lakini aliyameza kama maji, kwa kuwa tayari alikuwa na kiu nayo.

— Ndiyo! alisema. Ndiyo kabisa. Mtu yule hajawahi kuniuliza kitu. Anafanya kwanza, anasema baadaye.

— Na mimi nitawaambia zaidi, Profesa aliinuka nusu, benchi likaguna. Kitu cha bure hakuna duniani. Ule mfumo ulikuwa jicho. Kila ngao aliyochora mama huyu, kuna mtu ng'ambo anaiona. Saa hizi tunapoongea kuna mji mzima ng'ambo huko, watoto wake wamevaa mwenge wa Nakshi kifuani!

— Mwenge wangu?

— Na ndege pia.

— Ndege nimemchora upya mara tatu, mabawa yalikuwa yananikataa! alifoka Nakshi. Wamvae watoto ambao siwajui?

— Mama, Daktari alijaribu, hakuna mtu aliyeona ndege. Kuna njia moja tu imebaki. Tufute kila kitu, tuweke mfumo upya. Itawaka kama imetoka dukani leo.

— Na nembo?

Daktari akaikumbatia kompyuta zaidi.

— Nakuuliza, na nembo?

— Nembo... hizo zitakuwa zimekwenda.

Hapo Nakshi alisema maneno ambayo Buli, mtu wa watu, aliyafunika kwa kugonganisha vikombe. Alimwambia Daktari kwamba aliyekuja kung'oa jino hatoki na taya. Kwamba yeye mwenyewe, asiyejua kompyuta, hajawahi kufumua kiraka akamrudishia mteja vifungo na kumwambia shati limekwenda. Kwamba jina la Daktari alibandike ukutani kwake, asitembee nalo barabarani. Alipoishiwa pumzi akashika fremu ya mlango, na Kiraka, kwa sauti ya chini, akasema labda aitwe huyo mkwe.

— Si umesema aliweka kufuli?

— Aliyefunga ndiye mwenye ufunguo.

— Simpigii.

— Nimeshampigia, alisema Kiraka, akainamia soli.

Nakshi hakupata hata nafasi ya kumshambulia Kiraka, maana mkwe alikuwa anakata kona, mkoba begani, jasho shingoni. Alikuwa fundi sauti kwenye kituo cha redio, mtu mrefu, mpole, asiyependa kusema mbele za watu, jambo ambalo Nakshi siku zote alilihesabu kuwa kiburi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, alisema Nakshi, marahaba ya kukata uzi.

Mkwe hakukaa. Aliiweka kompyuta juu ya kiti cha wateja, akaiwasha, akausoma ule mstari, akamtazama Daktari.

— Ulifuta sehemu yangu kwanza?

— Ndiyo kaka. Niliona ndiyo kazi yenyewe.

— Ndiyo ya mwisho. Mfumo wangu ndio ulioshika mlango wa mbele. Ukiwasha, mashine inaingia kwangu, mimi ndiye ninayeuliza unakwenda chumba gani. Umebomoa chumba changu, na mlango ulikuwa humo. Chumba cha mama kipo kizima. Hana wa kumfungulia tu.

— Kwa hiyo hakuna kufuli? Kiraka aliuliza, kama aliyepunjwa.

— Hakuna. Ilitakiwa kwanza unakili vitu vyote, vya pande zote mbili, uviweke nje. Kisha utengeneze flashi ya uokoaji. Kisha mfumo wa mama ushike mlango wake wenyewe, uzime, uwashe, uone unaingia bila kupita kwangu. Hapo ndipo unabomoa.

Nakshi alimgeukia Daktari taratibu.

— Hayo ulikuwa unayajua?

— Nilikuwa nayajua, mama.

— Yote?

— Yote. Ila kunakili niliona kunachelewesha.

— Kunachelewesha! Nakshi alilirusha lile neno kwa benchi zima. Mmesikia? Mimi nikikata kitambaa bila kupima, niseme kupima kunachelewesha!

— Haraka haraka haina baraka, alisema Profesa, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa hiyo mtu abaki pale pale.

Mkwe alikuwa amechomeka flashi, ameamuru mashine ianzie humo, amechagua kurekebisha mlango, anaandika maneno mafupi yasiyoeleweka. Akazima. Akawasha. Kioo kikabaki cheusi muda wa mtu kusema astaghafiru, kisha kikang'aa, na ukurasa wa Nakshi ukajitandaza. Nakshi akafungua programu yake. Ngao ile pale. Mwenge ule pale. Ndege na mabawa yake.

Buli alipiga kofi. Kiraka akasema yeye ndiye aliyepiga simu, lisisahaulike hilo. Profesa akasema kubembeleza kumefanya kazi.

— Na nafasi je? Nakshi aliuliza, bado ana ukali wa kutafuta pa kuumalizia. Nilitaka nafasi.

— Hiyo ipo wazi, mama, alisema Daktari, amepata uhai. Naisukuma sehemu yako ichukue ile iliyokuwa ya kaka. Nibonyeze tu hapa.

Akaelekeza kidole.

— Subiri, alisema mkwe. Mama, mle kwangu mlikuwa na zile sauti za baba.

— Sauti zipi?

Mkwe aliangalia chini. Nakshi akajua kabla hajajibiwa.

Mumewe alipokuwa wodini kwa mara ya mwisho, mkwe huyu alikuwa akienda na kinasa sauti cha kazini, anakiweka kando ya mto. Siku moja Nakshi alirudi kutoka kufua, akakiona, akakipokonya. Alimwambia, mbele ya wodi nzima, kwamba mgonjwa wake si ngoma ya kurekodiwa, na kwamba chochote alichokinasa asije kamwe kumsikilizisha. Wiki ile ile wakazika. Tangu hapo salamu zao zilikuwa fupi.

— Uliniambia nisikusikilizishe, alisema mkwe. Lakini kuzifuta sikuweza. Nikaziweka upande wangu, humu, ili siku ukizitaka zisiwe mbali.

— Hukuniambia.

— Ulikuwa hunisemeshi, mama.

— Huna nyingine? Kazini?

— Kinasa cha kazini kinafutwa kila mara. Zilikuwa humu tu.

Kidole cha Daktari kilikuwa bado hewani. Nakshi alikishika, kidole na mkono wote, akausukuma mbali na mashine.

— Usiguse. Usiguse kitu.

Hasira yote ya asubuhi ilikuwa bado ipo kifuani mwake, imesimama, lakini sasa ilikuwa haina pa kwenda. Alimtazama Daktari, akaona kijana amekauka midomo. Akamgeukia mkwe, akashindwa kumtazama. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo benchi halikuwa limewahi kuisikia:

— Zimekwenda?

— Sijui, alisema mkwe. Kubomoa ukuta si kuchoma vyombo. Huenda vimelala pale pale, vimekosa anwani tu. Tukiandika kitu kingine juu yake, ndiyo basi tena. Inabidi nizime, nitoe diski, nitafute kwa mashine yangu. Huwezi kuitumia leo. Wala kesho sina hakika.

— Na sare, mama? Daktari aliuliza. Jumatatu?

— Watoto watakwenda shule vifua vitupu. Shule haifungwi kwa ajili ya ngao. Zima.

Mkwe alizima, akafungua skrubu kwa bisibisi ya Kiraka, akaitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe juu ya meza ya kukatia vitambaa, akisisitiza kwamba atasoma tu, hataandika. Utafutaji ukaanza, mstari wa kijani ukitambaa kwa uvivu. Daktari hakuondoka. Alikaa upande wa tofali, mikono katikati ya magoti. Nakshi alipompitishia kikombe, alikipokea kwa mikono miwili. Profesa alifungua mdomo mara kadhaa, lakini kila methali aliyoifikia ilimrudia.

Jua lilipohamia upande wa pili wa barabara, mkwe alisema:

— Kuna vitu vimepatikana. Majina yamepotea, vina namba tu. Vingine vimeharibika. Niwashe?

Nakshi alivuta kiti. Wote wakasogea mlangoni, Buli na birika lake mkononi.

Cha kwanza kilikuwa mlio mtupu, wa kukereza masikio. Cha pili kilikuwa kimya mpaka mwisho. Cha tatu kikaanza na kitanda kinacholia, kisha kikohozi, kirefu, ambacho Nakshi alikitambua kabla hakijaisha, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Kimewaka hiki?" ilisema sauti ya mumewe, nyembamba, lakini yake. "Haya. Mwambie mama yako aache kufokea wauguzi. Tangu asubuhi namsikia kutoka kule koridoni, na wenzangu humu wananitazama mimi. Mwambie uji si mbaya hivyo. Una joto."

Kiraka alicheka pumzi moja, akajizuia. Kwenye sauti ile mlango wa wodi ulifunguka, kiatu kikaburuzwa, halafu pakatulia. Mzee alipumua kidogo, kama anayetega sikio.

"Mke wangu," alisema. "Mbona sasa kimya? Upo?"

Nakshi akaishusha khanga, akakisogeza kiti karibu na ile sauti.