Shule Inayohama na Mbuzi: Risala ya Wafugaji wa Kambi za Rigul kwa Mkurugenzi wa Elimu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi. Nargis Banu, Mkurugenzi wa Elimu wa wilaya yetu. Karani na dereva mliofuatana naye. Mzee Gyaltsan, mkuu wa kambi zetu. Ani Thukje, mtawa na mwalimu wetu. Wazazi, na ninyi watoto mliokaa mbele na kunyamaza kama mlivyoahidi:

MAKARIBISHO

Sisi wafugaji wa kambi za Rigul, kaya ishirini na mbili, tunakukaribisha hapa Thangkar kwa mikono miwili. Tunajua kichwa kinakugonga. Kila anayepanda huku kutoka bondeni kichwa humgonga siku mbili za kwanza, kisha hunyamaza. Kunywa chai. Ina siagi na chumvi. Ukiacha nusu hatutakasirika, tutajaza tu.

Risala hii imeandikwa na kamati ya watu watano na kugombaniwa na kambi nzima. Wako waliosema, "Mwandikieni mazuri tu, mgeni habebeshwi mzigo." Mama Rinzes, anayekamua mbuzi wengi kutushinda wote, akajibu, "Mgeni huyu ana gari. Mzigo atauweza." Basi tumeandika yote.

HISTORIA YETU

Mheshimiwa, sisi ni watu wa nusu nyumba na nusu njia. Baridi ikikaza tunakaa kwenye vibanda vya mawe kule Rigul. Theluji ikianza kulegea tunatoka na mahema yetu meusi ya singa za yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, tunafuata majani, na hadi mwaka kuisha tumehama mara nane. Tukifika mahali, kinachoshushwa kwanza mgongoni mwa yaki ni sanduku la madhabahu. Taa ya siagi ikishawaka, ndipo mtu anauliza kuni ziko wapi.

Lugha yetu ni Kitibeti cha wachungaji. Watu wa mjini hukicheka, wanasema kinanuka mbuzi. Ni kweli, kinanuka. Kina jina la kila rangi ya mbuzi, na la kila upepo. Kina neno la barafu inayobeba mnyama, na neno jingine la barafu ambayo maji yameihama kwa chini ikabaki ngozi tupu.

Miaka mingi iliyopita lilifunguliwa bweni mjini. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliwapeleka watoto wetu wenyewe, wakiwa na miaka mitano, sita, tukiwa na furaha kwamba hawatapasuka mikono kama sisi. Walirudi likizo wakiwa wasafi, wanajua lugha tatu. Yetu haikuwa mojawapo.

Tunaomba tukueleze habari ya mtoto mmoja. Aliitwa, na bado anaitwa, Deskit Norzom. Ndiye anayekusomea risala hii, na ni yeye aliyekataa tuifupishe.

Miaka tisa iliyopita Deskit, akiwa na miaka kumi, alirudi likizo ya baridi. Babu yake, Mzee Urgain Chosphel, alikuwa mtu wa maneno machache na alimpenda kupita kiasi. Siku hiyo walikwenda pamoja kuwarudisha mbuzi, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameshuka. Mzee alibaki nyuma akisukuma wazembe. Mtoto alitangulia na kundi mpaka mtoni. Babu akaona rangi ya barafu. Akapaza sauti, akataja lile neno la pili, ngozi tupu, mara tatu.

Mtoto alisikia sauti vizuri sana. Neno ndilo hakuwa nalo. Kwake barafu yote ilikuwa barafu, akadhani babu anamwambia, pita hapo kwenye barafu. Akapita.

Mbuzi thelathini na mmoja, wote wenye mimba, walizama mbele ya macho yao. Deskit alizama hadi kifuani. Mzee Urgain alilala kifudifudi akamvuta kwa kamba ya kufungia mzigo, na mkono alioulaza majini ulipoteza vidole viwili kwa baridi.

Kibandani, mama yake mtoto alianza kufoka. Mzee akamzuia kwa mkono ule ule.

"Mwache. Hajakosa."

"Baba, kundi limekwisha na wewe unasema hajakosa?"

"Nilimwita kwa lugha ambayo hatukumpa. Nani kakosa hapo?"

Swali hilo tunajiuliza hadi leo.

HEMA LA SHULE

Habari hiyo ilimfikia Ani Thukje, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye kijumba cha sala juu ya Rigul. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikuja na vitabu vya sala viwili na ubao mmoja, akasema atafundisha watoto kusoma lugha yao, na atahama nasi. Mzee Gyaltsan, ambaye leo anacheka tukisoma hapa, siku ile alimwambia, "Ani, umeshindwa kutulia na watakatifu kwenye jiwe, ndiyo unataka kukimbizana na mbuzi?"

"Mzee, hata watakatifu wenu wanahama. Si mnawabeba kwenye sanduku?"

Mama Rinzes naye akauliza, "Mtoto akishika kitabu, nani atashika chuchu?"

"Mikono ikamue. Mdomo una kazi gani?"

Basi ikawa hivyo. Jioni tukiwafunga mbuzi safu mbili, vichwa vikitazamana, tayari kwa kukamuliwa, watoto hupita wakitaja herufi, mbuzi mmoja herufi moja. Herufi zetu ni thelathini. Wako mbuzi ambao hadi leo hawaitwi kwa rangi bali kwa herufi.

Deskit hakurudi bweni mwaka ule. Wengi walimwita mtoto wa mkosi. Mzee Urgain alimpeleka hemani kwa Ani kila asubuhi, akaketi nje akisokota singa hadi somo liishe, ili anayetaka kusema neno aseme mbele yake.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, leo hema hili lina watoto kumi na tisa. Wanasoma Kitibeti na hesabu na kuandika lugha za mjini pia, kwa maana hatutaki kuwafungia njia. Wanne walikwenda shule ya mjini wakaingia darasa linalolingana na umri wao, na wakirudi likizo wanabishana na babu zao hadi babu wanachoka. Kwetu hiyo ni fahari.

Fanikio jingine kamati haikujua liandikwe wapi. Tunaliweka hapa.

Baridi iliyopita Mzee Urgain aliugua akawa wa kuondoka. Desturi yetu ni mtawa amsomee mtu anayekata roho, aelekezwe njia. Ani alikuwa amelala na homa, na theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda kwenye hekalu. Mzee akasema, "Deskit yupo." Deskit akaketi karibu na sikio lake akamsomea siku tatu, kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa.

Siku ya pili alisita. "Babu, samahani, nimeruka mstari."

"Rudi," mzee akamwambia. "Mimi sina haraka."

Akarudi akausoma. Siku ya tatu mchana kitabu kiliisha, na mzee alikuwa bado anasikiliza. Akamwomba amsomee tena mwanzo. Hapo ndipo alipopumzika. Hatukuwahi kuona katika kambi hizi mtu aliyekwenda ametulia namna ile, na maneno yote aliyaelewa, na aliyeyasoma aliyaelewa pia.

CHANGAMOTO

Mwalimu wetu ana miaka sitini na minane na magoti yake hayataki tena kuhama mara nane. Anasema atahama. Sisi tunamwona anavyoshuka kwenye farasi. Hema la shule limeraruka upande wa magharibi, na vitabu vinalowa. Deskit anawafundisha wadogo, lakini hana cheti, kwa sababu hakumaliza mjini.

Changamoto kubwa ni kwamba kwa maandishi hatupo. Kanuni inataka shule iwe na jengo, na jengo liwe na mahali pake. Mwaka jana alitumwa mkaguzi, mtu mwema, alisafiri siku mbili. Tulikuwa tumehama juzi yake kwa sababu majani yalikwisha. Alimkuta Mzee Gyaltsan peke yake akitafuta yaki aliyepotea.

"Mzee, shule iko wapi?"

"Ilikuwa hapo uliposimama."

Mkaguzi akatazama ardhi, akaandika: shule haipo. Hatumlaumu, aliandika alichokiona. Mzee Gyaltsan ndiye tunayemlaumu kidogo, angeweza kusema ni upande gani tumekwenda.

MAOMBI

Mheshimiwa, hatuombi jengo. Ukitujengea litabaki na upepo. Tunaomba shule hii iandikwe kwenye daftari lako kwa majina ya watoto wake badala ya jina la mahali. Tunaomba Deskit Norzom apimwe, na akifaulu apewe kibali cha ualimu, ili Ani akipenda kupumzika apumzike. Tunaomba pia turubai, hata la zamani.

Tulisikia kwamba umekuja na barua ya kufunga shule, na kwamba ungependa kwanza uone kwa macho yako. Tunakushukuru kwa hilo. Na kwa kuwa tumekubaliana kusema yote, hili nalo tuliseme: tulipaswa kuhama kutoka hapa siku sita zilizopita. Utaona ukitoka hemani kwamba mbuzi wanalamba mawe. Kaya zote ishirini na mbili zilikaa, hakuna aliyetangulia, hata wasio na mtoto shuleni, ili safari hii anayekuja atukute.

Kesho asubuhi tunahama. Hatuwezi kungoja tena. Hema la shule litabebwa na yaki wawili, na watoto watasoma njiani kama kawaida. Tumekutengea farasi mpole, jike, mwenye tandiko jipya. Kichwa kitakuwa kimenyamaza. Ukipenda, panda tuende wote, uone shule inavyoingia njiani na inavyotoka.

Njia yako iwe nyeupe na ardhi iwe imara chini ya miguu yako. Afya, maisha marefu, na amani kwa nyumba yako na kwa kila kiumbe anayepumua.

Ni sisi,
Wafugaji wa Kambi za Rigul, pamoja na watoto wa shule yao.